Donda Ndugu: Ugomvi wa Jamaa na Uvimbe wa Mwili

Lugha huhifadhi mawazo ambayo wenye lugha wamekwisha kuyasahau. Mswahili husema kwamba jipu limevimba, na husema vilevile kwamba mtu amevimba, maana yake amenuna na kujaa hasira. Kitenzi ni kimoja. Kidonda huchoma na neno huchoma. Ngozi huwaka na moyo huwaka. Tena kidonda kibaya kisichosikia dawa, kinachokula nyama na kuenea siku hata siku, hakikuitwa donda adui. Kiliitwa donda ndugu. Waliotoa jina hilo hawakuacha maelezo, na haifai kuwatungia. Lakini katika muda wa miaka hamsini iliyopita elimu ya utabibu imefika mahali ambapo maneno hayo mawili, uvimbe na undugu, yamekutana tena, safari hii katika damu iliyopimwa.

Historia ya mkutano huo ina njia mbili. Njia ya kwanza yaanza katika nchi kama milima ya Uluguru, ambako ugomvi wa jamaa ulihesabiwa kuwa jambo la hatari kwa mwili na kwa shamba. Ya pili yaanza katika vyumba vya wataalamu wa Ulaya na Marekani, ambao kwa muda mrefu hawakuona haja ya kumwuliza mgonjwa amegombana na nani. Yafaa kuzifuata njia zote mbili mpaka zinapokutana, na kisha mpaka zinapoachana, maana pale zinapoachana pana funzo si dogo kuliko pale zinapokutana.

Milima ya Uluguru imesimama kusini ya mji wa Morogoro. Kilele cha Lupanga chauangalia mji kwa karibu, na huko ndani zaidi Kimhandu chapita kimo cha mita 2,600. Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam, huchota nguvu zake katika vijito vya milima hiyo. Waluguru ni watu wa mlima kwa makazi na kwa jina, kwani jina lao latokana na neno lao la mlima. Mvua ni nyingi, udongo wazaa, lakini nafasi ni finyu. Mashamba yamening'inia juu ya miteremko, na moshi wa jiko la mtu huingia nyumba ya jirani yake.

Katika nchi hiyo mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mkuu wa ukoo ndiye aliyeigawa. Mwanamume aliyehamia kwa mkewe alilima shamba lisilo la kwao, chini ya macho ya wakwe. Na aliyebaki kwao alijua kwamba wanawe watadai haki yao kwingine, kwa mjomba wao. Kwa hiyo kila mwanamume alikuwa baba katika nyumba moja na mjomba katika nyumba nyingine. Mapenzi yalimvuta kwa wanawe, wajibu ukamvuta kwa wapwa zake. Roland Young na Henry Fosbrooke, waliotoa kitabu chao juu ya ardhi na siasa ya Waluguru mwaka 1960, na T. O. Beidelman, aliyewaeleza mwaka 1967 pamoja na Wazaramo, Wakaguru na jamaa wengine wa mashariki ya Tanzania wanaofuata ukoo wa mama, wameonyesha jinsi mambo ya shamba, ndoa na cheo yalivyofungamana. Mwenye kugombana na shemeji yake alikuwa amegombana na mwenye shamba lake. Ugomvi wa namna hiyo haukimbiki. Mtu aweza kumwepa mgeni. Hawezi kumwepa anayechota naye maji katika kijito kimoja.

Watu wanaoishi hivyo hawana budi kubuni njia za kuzima moto kabla haujala nyumba. Mojawapo ni utani, ambao James Christensen aliuandikia makala juu ya Waluguru hawa hawa mwaka 1963. Mtani aliruhusiwa kutukana bila kuudhi, na kuchukua kitu bila kuitwa mwizi. Msiba ulipotokea ndiye aliyeshughulika na maziko, akawafanyia wafiwa mzaha katika saa ambayo mtu mwingine asingethubutu kucheka. Radcliffe-Brown, mwanachuoni wa Kiingereza, alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1940 kwamba mzaha wa namna hii hukaa mahali ambapo watu wameunganishwa na kutengwa kwa wakati mmoja: pana sababu ya kupendana na pana sababu ya kugombana. Utani ni tundu la kutolea mvuke. Aliyosema mtani hadharani ni yale ambayo ndugu wangeyanong'ona gizani.

Njia nyingine ilikuwa tambiko. Jamaa walikusanyika chini ya mkuu wa ukoo, wakawakumbuka wazee waliokufa, na maradhi yalikuwa sababu kubwa ya kukusanyika. Kufanya tambiko la ukoo ilhali ukoo umegawanyika ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Mawazo haya hayakuwa ya Waluguru peke yao. Kule Rungwe, Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, aliandika kwamba waliogopa kile walichokiita pumzi ya watu: jirani waliokasirishwa walinong'ona, na pumzi yao baridi ikamwangukia mkosaji akaugua homa. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 alieleza jinsi jamaa walivyotakiwa kuitoa hasira kwa kinywa mbele ya wenzao kabla ya tambiko, kwa kuwa hasira iliyofichwa moyoni ndiyo inayodhuru. Katika Usambara, Steven Feierman alionyesha kwamba neno la kuponya lilitumika kwa nchi nzima: nchi yenye fitina huharibika, nchi yenye amani hupona.

Msomaji atambue kwamba hapa pana maarifa mawili yaliyofungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kwamba uhusiano ulioharibika huweza kumwumiza mtu mwilini. La pili ni kwamba lazima pawe na mtu aliyeleta maumivu hayo kwa kusudi. Maarifa haya ya pili yamemwaga damu. Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuzuia uchawi mwaka 1928, na sheria hiyo haikukomesha shutuma. Tanzania imeona vikongwe wasio na hatia wakiuawa kwa sababu mtoto wa jirani aliugua. Neno hilo litarejewa mwishoni.

Mwaka 1950 milima ya Uluguru ikaingia dhiki mpya. Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi, uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko na kukataza kuchoma mashamba. Matuta yalifukia udongo mzuri na kuutoa juu udongo usiozaa, na mazao yakawa haba. Lakini uzito wa mpango haukuwa katika jembe tu. Waliotumwa kusimamia kazi na kutoza faini walikuwa viongozi wa wenyeji, yaani watu ambao walikuwa wajomba, wakwe na ndugu wa hao waliotozwa. Amri ya serikali iliingia katika undugu kama kabari katika gogo. Mwezi wa Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakatumia nguvu, na mpango ukaachwa. Katika miaka mitano hiyo hapana aliyepima kitu katika damu ya watu, na historia haina ruhusa ya kusema lililomo humo. Yatosha kukumbuka kwamba dhiki ya jamaa haitoki nyumbani tu; huweza kutengenezwa ofisini na kupelekwa nyumbani kwa barua.

Sasa yafuatwe mambo ya njia ya pili. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alitaja dalili nne za sehemu ya mwili iliyovimba: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Dalili hizo bado hufundishwa. Zaonyesha kazi ya askari wa mwili: mishipa hufunguka, damu hujaa, na chembe nyeupe hutoka kupambana na vijidudu au kuondoa nyama iliyokufa. Uvimbe wa namna hii ni rafiki. Bila huo kidonda hakifungi. Ubaya wake huja pale unapokosa mwisho, ukawa kama jeshi lililoshinda vita likakataa kurudi kambini, likaishi kwa kula mashamba ya raia. Uvimbe mdogo usiokwisha, usioonekana kwa macho wala kuguswa kwa mkono, sasa wajulikana kuwa na sehemu katika maradhi ya moyo na ya mishipa ya damu, katika kisukari cha ukubwani na katika mengine ya uzeeni.

Uvimbe usioonekana ulihitaji kipimo. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wakifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walikuta katika damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu kitu ambacho baadaye kilijulikana kuwa protini itokayo katika ini, ambayo huongezeka mwili unapowaka na kupungua unapopoa. Baadaye ikajulikana kwamba ini huamriwa na mjumbe aitwaye interlukini-6, anayetumwa na chembe za kinga. Hivi ndivyo moto wa ndani ulivyopata kipimajoto chake.

Wakati huo huo wengine waliichunguza dhiki. Mwaka 1936 Hans Selye wa Montreal alitangaza kwamba panya walioteswa kwa njia mbalimbali, kwa baridi, kwa majeraha au kwa sumu, walionyesha mabadiliko yale yale mwilini, ikiwamo kuvimba kwa tezi zilizo juu ya figo. Tezi hizo hutoa homoni iitwayo kotisoli. Kisha mwaka 1948 Philip Hench, katika hospitali ya Mayo huko Marekani, alimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya kotisoni, ambayo ni ndugu wa kotisoli, na mgonjwa aliyekuwa hawezi kutembea akatembea. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950.

Hapo likatokea fumbo. Ikiwa dhiki huzidisha kotisoli, na kotisoli huzima uvimbe, basi mtu mwenye dhiki angalipaswa kuwa na uvimbe mdogo kuliko wenzake. Ukweli ulikuwa kinyume. Jibu lilikawia kupatikana, na lilipokuja lilifanana na jambo ambalo kila mzazi alijua. Mtoto anayekemewa mara moja husikia. Anayekemewa kutwa kucha huwa sugu. Gregory Miller na Sheldon Cohen, pamoja na mwenzao, walieleza mwaka 2002 kwamba chembe za damu za wazazi waliokuwa wakiuguza watoto wenye saratani zilikuwa haziitii homoni ya kuzima uvimbe kama zilivyoitii zile za wazazi wenye watoto wazima. Kotisoli ilikuwapo, amri ilitolewa, lakini askari walikuwa wameziba masikio. Dhiki ya muda mfupi huita na hujibiwa. Dhiki isiyokwisha huita mpaka ikapuuzwa.

Urefu wa dhiki, basi, ndio kiini cha jambo. Mwaka 1998 Cohen na wenzake waliwatia watu 276, kwa hiari yao, matone ya virusi vya mafua puani, wakawatenga na kuwaangalia. Dhiki ya chini ya mwezi mmoja haikuwa na athari kubwa. Wale waliokuwa katika dhiki ya mwezi au zaidi, hasa ugomvi wa muda mrefu na jamaa au rafiki, au kukosa kazi, walielekea zaidi kuugua. Mwaka 2012 Cohen alirudi na ushahidi kwamba usugu ule wa chembe ndio uliokuwa ndani ya jambo hili.

Lililobaki ni kuingia katika nyumba ya mume na mke. Kazi hiyo ilifanywa na Janice Kiecolt-Glaser na Ronald Glaser, ambao wenyewe walikuwa mke na mume, katika Chuo Kikuu cha Ohio State. Mwaka 2005 walitangaza habari za wanandoa 42. Kila mmoja alitengenezwa malengelenge madogo mkononi kwa chombo cha kunyonya ngozi, kisha wawili hao wakaketi kuzungumza. Katika safari ya kwanza walizungumza kwa kusaidiana. Katika safari ya pili waliombwa kuzungumza juu ya jambo wanalogombania. Baada ya ugomvi majeraha yalipona polepole zaidi. Na wale wanandoa ambao mazungumzo yao yalijaa uhasama majeraha yao yalipona kwa mwendo wa asilimia 60 tu ya mwendo wa wale wenye uhasama mdogo. Tena asubuhi ya pili interlukini-6 ilikuwa imeongezeka zaidi katika damu yao. Neno baya la mwenzi lilikuwa limefika mpaka kwenye ngozi iliyochubuka. Wenye kusema donda ndugu hawakuwa na chombo cha kunyonya ngozi, lakini jina lao halikuwa mbali.

Hatari ya kujenga ghala kubwa juu ya nguzo ndogo ipo. Wanandoa 42 wa mji mmoja wa Marekani si wanadamu wote. Katika nchi yenye malaria na minyoo, uvimbe katika damu waweza kuwa na sababu nyingi zisizohusu ndoa. Tena mwenye maradhi huwa mkali, na ukali huzaa ugomvi. Si rahisi kusema kipi kilitangulia. Kwa hiyo yafaa kutafuta shahidi mwingine, asiye na ndoa ya kanisani wala ya msikitini, asiyevuta sigara wala kunywa pombe. Shahidi huyo yupo Afrika ya Mashariki, naye ni nyani.

Katika mbuga ya Amboseli, Kenya, nyani wamefuatwa kwa majina, kizazi baada ya kizazi, tangu mwaka 1971, katika kazi iliyoanzishwa na Jeanne Altmann na Stuart Altmann. Mwaka 2012 Elizabeth Archie na wenzake walikusanya habari za majeraha za miaka 27 na kukuta kwamba madume wa cheo cha juu hupona upesi kuliko walio chini yao. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba majike wenye mahusiano mema na wenzao huishi muda mrefu zaidi. Na katika Maasai Mara, Robert Sapolsky aliona jambo ambalo hakulipanga. Katikati ya miaka ya 1980 madume wakali wa kundi moja, waliokuwa wakipigania jalala la hoteli ya watalii, walikufa kwa kifua kikuu kilichotokana na nyama mbovu. Walibaki madume wapole na majike. Kundi likawa na amani. Na hata miaka mingi baadaye, wakati madume wote walikuwa wageni waliohamia kutoka makundi mengine, upole ule uliendelea. Sapolsky na Lisa Share walitangaza habari hiyo mwaka 2004, wakaeleza kwamba wanyonge wa kundi hilo hawakuwa na dalili za dhiki mwilini ambazo wanyonge wa makundi mengine walikuwa nazo. Unyonge haukuwa umekwisha. Kilichokwisha ni kuonewa kila siku. Hata kwa nyani, kumbe, amani yaweza kuwa desturi, na desturi yaweza kuingia mwilini.

Hapa njia mbili zimekutana. Mzee wa mlimani na mtaalamu wa maabara wakubaliana juu ya mambo mawili: kwamba uhusiano huingia mwilini, na kwamba hasira isiyokwisha ndiyo mbaya. Utani wa Waluguru na maungamo ya Wanyakyusa havikukataza watu kugombana. Vilikataza ugomvi kulala. Mtu alitukanwa, akacheka, mambo yakaisha. Au alisema yaliyo moyoni, akatema mate, mambo yakaisha. Kazi ya desturi ilikuwa kuupa ugomvi mwisho, na mwisho ndio kitu ambacho chembe za damu zahitaji.

Lakini mara tu baada ya kukutana, njia zinaachana. Elimu mpya haina mchawi. Aliyevimba kwa hasira hakumtupia mwenzake kitu. Uvimbe wao ni wa wote wawili, na mwenye kuchukia huumia pamoja na anayechukiwa. Malengelenge ya mume na ya mke yalichelewa kupona sawia. Anayetafuta wa kumshtaki hupata ugomvi mpya badala ya kumaliza wa zamani, na kwa kufanya hivyo huukuza ugonjwa aliotaka kuuponya. Basi katika kifurushi kile cha wazee, nusu moja yastahili kuhifadhiwa na nusu ya pili yastahili kuachwa, na si haki kuikumbatia yote kwa kisingizio cha mila wala kuitupa yote kwa kisingizio cha maendeleo.

Jambo hili si la makumbusho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka mabaraza ya usuluhishi wa ndoa katika kata za Tanzania, ili wanandoa wafike huko kabla ya kufika mahakamani. Baraza la kata limerithi kiti cha mkuu wa ukoo, ingawa wanaokikalia hawana haja ya kujuana na wagomvi. Aghalabu swali linaloulizwa ni nani mwenye kosa, na baada yake jinsi ya kuwarudisha nyumbani. Yumkini swali la tatu lafaa kuulizwa: je, wakirudi, ugomvi umekwisha au umefunikwa? Mke aliyepigwa, akaambiwa avumilie, akarudi kimya, hajapatanishwa. Amerudishwa katika moto na kunyimwa hata ruhusa ya kulia. Mwanamke wa Uluguru aliyekaa katika ardhi ya ukoo wake alikuwa na mahali pa kusimama; aliweza kuondoka katika ndoa mbaya bila kuhofia njaa. Kuachana pia ni mwisho, na kwa mwili yaweza kuwa mwisho bora kuliko amani ya kunyamazishwa.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hiyo humwonya mtu wa nje asijiingize. Lakini ina maana nyingine kwa wagomvi wenyewe. Yachukulia kwamba ugomvi una majira yake, na kwamba baada ya msimu wa jembe huja msimu wa kapu. Ugomvi usio na mavuno ndio ulioitwa, kwa lugha ya vidonda, donda ndugu. Na dawa yake ya kwanza, kabla ya ile ya hospitali na pamoja nayo, ni mtu mwenye ujasiri wa kuuliza utakwisha lini.